Sura ya Tano: Mlio Unaokufa Mapema

Ukipewa magitaa mawili kavu uyalinganishe, usianze na kodi. Muuzaji atakuhimiza upige G kwa nguvu, nyuzi zote sita, usikie ni lipi linalojaza duka. Wewe piga uzi wa tatu peke yake, ukiwa wazi, mara moja, kisha tulia. Kwanza utasikia kidole kikiuachia uzi: kishindo kidogo kisicho na noti. Halafu noti yenyewe itapanda na kujitandaza. Mwisho itaanza kufifia, na hapo ndipo magitaa mawili yaliyokuwa yakifanana huachana kabisa. Moja litaendelea kuimba hadi uchoke kulisubiri. Jingine litanyamaza ukiwa bado na hamu ya kusikia zaidi.

Madukani lile la kwanza huitwa gitaa zuri na la pili huitwa gitaa la kujifunzia. Nimesikia hukumu hiyo ikitolewa katikati ya jiji, makanisani kando ya Ngong Road na kwenye mazoezi ya harusi, na naamini imetunyima kitu. Muziki wa gitaa kavu uliochipuka Katanga na Kenya magharibi ulitungwa juu ya mlio unaokufa mapema. Ukiupiga kwenye gitaa linaloimba muda mrefu, noti zinapandana na habari yake inapotea.

Tuanze na kazi ya gitaa lenyewe. Uzi ni mwembamba mno kusukuma hewa. Kazi yake ni kutikisa daraja, na daraja hutikisa ubao wa mbele, yaani uso wa gitaa, ambao kwa kawaida unene wake haufiki milimita 3. Uso ndio unaosukuma hewa hadi masikioni mwetu. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huuvuta uso huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Za nailoni huvuta kwa kiasi kinachozidi nusu ya hapo kidogo. Fundi basi yuko katikati ya matakwa mawili yasiyopatana. Uso ukiwa mzito, mlio unazibika. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, unajikunja, na siku moja daraja linang'oka.

Antonio de Torres, fundi Mhispania ambaye umbo la gitaa la nailoni tunalolijua leo limetoka mikononi mwake, aliwahi kuthibitisha jambo hili kwa njia ambayo hakuna aliyeisahau. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao safi ya sprusi, lakini mgongo na ubavu akaviunda kwa karatasi ngumu. Alitaka watu wasikie kwamba sauti inatoka usoni. Gitaa hilo limehifadhiwa Barcelona, katika jumba la makumbusho ya muziki.

Karne moja na nusu baadaye hoja yake ilijaribiwa kwa namna nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walimwomba fundi Roger Bucknall awatengenezee magitaa 6 ya nyuzi za chuma, yote ya umbo moja na uso wa aina moja, yakitofautiana tu katika mbao za mgongo na ubavu: rozwudi ya Brazili, rozwudi ya India, mkangazi wa Amerika, sapele na nyinginezo. Wapigaji 52 waliyapiga kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya wachomeleaji vyuma ili wasione wanachoshika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na wapigaji hawakuweza kuyatofautisha magitaa kwa uhakika. Mbao ya bei ya juu kabisa haikuishinda ya bei ya chini.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi akiambiwa aongeze maelfu ya shilingi kwa sababu mgongo wa gitaa ni wa rozwudi, ana haki ya kujibu kwa swali: na uso je, ni wa nini? Je, ni ubao mmoja uliopasuliwa kutoka gogo, au ni plaiwudi? Tofauti hiyo inasikika hata na mtu asiyejua kushika kodi.

Plaiwudi ni matabaka ya mbao nyembamba yaliyogandishwa kwa gundi, nyuzinyuzi za tabaka moja zikikata zile za jingine. Ubao mzima wa sprusi ni mgumu kwa urefu na laini kwa upana, na ndiyo maana hutikisika kwa wepesi. Plaiwudi ni ngumu pande zote, na gundi yake hula mtikisiko. Mara nyingi pia kiwandani huifanya nene zaidi, kwa kuwa mnunuzi wa gitaa la bei nafuu hataki lirudi dukani limepinda. Matokeo yake ni besi kidogo, sauti za katikati zilizojitokeza mbele, na noti inayopiga na kuondoka. Hiyo ndiyo sauti ya Yamaha F310, gitaa la nyuzi za chuma ambalo wanafunzi wengi wa jiji hili wameanzia, na kwa namna yake ndiyo sauti ya mwenzake wa nailoni, C40. Nyuso za yote mawili ni plaiwudi ya sprusi.

Jumamosi moja ya Februari tulikutana katika nyumba ya zamani hapa Woodley kuyasikiliza magitaa manne kwa utaratibu. Nyumba za mtaa huu zilijengwa na baraza la jiji enzi ya ukoloni, na zile ambazo hazijabomolewa kupisha maghorofa zina vyumba vinavyofaa sana kwa kazi hii: kuta za mawe, dari ya mbao, na umbali wa kutosha kutoka barabarani kiasi kwamba honi za matatu na kelele za soko la Toi zinafika zikiwa zimechoka. Tulikuwa na F310, C40, gitaa kubwa la umbo la dreadnought lenye uso wa sprusi nzima na mgongo wa rozwudi, na gitaa dogo la plaiwudi, la zamani, ambalo jina la kiwanda lilishafutika kichwani. Wapigaji walikuwa wawili. Mmoja ni mzee kutoka upande wa Kakamega, anayepiga omutibo, muziki wa gitaa wa kwao, tangu ujana wake. Mwingine ni kijana anayeongoza nyimbo kanisani. Mimi niligeukia ukuta ili macho yasinihukumie.

Kijana alianza na lile kubwa, na sitaki kulipunja sifa zake. Umbo la dreadnought lilibuniwa na kampuni ya Martin ya Marekani mwaka 1916, likapewa jina la meli ya kivita ya Waingereza, na kusudi lake lilikuwa kusikika. Alipopiga kodi nne polepole, besi ilipita sakafuni nikaisikia kwenye nyayo. Noti za juu zilining'inia kwa muda, kodi moja ikachanganyika na inayofuata, na sauti ya kijana ikapata mahali pa kulalia. Kwa nyimbo za kuabudu, ambapo kodi hubadilika taratibu na watu mia mbili wanaimba pamoja, sijui gitaa linalofaa zaidi.

Kisha mzee akalichukua lilelile, akalifunga kapo kwenye freti ya tatu, akapiga wimbo wake kwa gumba na kidole cha shahada. Nilijua ni wimbo gani, ila nililazimika kuufuata kwa bidii. Gumba lilipiga besi, besi ikabaki. Kidole kikaleta noti ya juu, nayo ikabaki. Besi ya pili ikafika wakati ya kwanza haijaondoka.

"Hili linameza maneno yangu," alisema.

"Lakini mzee, hilo dogo halina besi."

"Besi ni gumba langu, kijana. Nipe hilo dogo."

Alipoanza upya kwenye lile dogo, wimbo ulifunguka. Kila noti ilikuwa na mwanzo na mwisho. Nilisikia njia mbili: gumba likitembea chini kwa hatua zake, kidole kikijibu juu kati ya hatua hizo, na baina ya viwili hivyo kimya kifupi kilichokuwa sehemu ya mdundo. F310 ilikaa katikati: ilieleweka, ila noti zake za juu zilikuwa kali zaidi na hazikuwa na ule unene wa mbao kongwe. Ile ya nailoni ilinishangaza. Ilikuwa na mlio mfupi kama lile dogo, lakini mwanzo wa noti ulikuwa laini mno, na mzee alilalamika kwamba kidole chake hakisikiki kikigonga.

Kidole kugonga ni nusu ya muziki huu. Omutibo, mtindo uliojulikana kote Kenya kupitia kwa George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, huhesabiwa kwa chupa ya Fanta. Mpigaji wa chupa huchukua ile ya kioo yenye mikunjo, akaikwaruza na kuigonga kwa chuma, na mlio wake ni mkali, mkavu, usiobaki hewani. Gitaa likiwa na mvumo mrefu, chupa inatengwa na kusikika kama kitu cha nje. Likiwa kavu, vyote viwili vinashikana. Sikiliza kundi la Abana ba Nasery wa Bunyore, hasa walivyorekodiwa London mwanzoni mwa miaka ya 1990: magitaa, sauti tatu na chupa, na hakuna chombo kinachomfunika mwenzake, ingawa wote wanaenda mbio.

Sikio hili halikuja na gitaa. Litungu ya Waluhya na nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya bakuli la mbao, zote hutoa noti inayodonolewa na kuzimika, na mpigaji huongeza mdundo kwa kugonga chombo chenyewe, mwenye nyatiti akitumia pete ya chuma kidoleni mwa mguu. Watu waliolelewa na sauti hizo walipopata gitaa hawakulitafutia mvumo wa ukumbini. Walilipa kazi waliyoijua.

Na magitaa yaliyowafikia yaliisaidia kazi hiyo. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa madogo ya plaiwudi yenye chapa ya Gallotone, ya bei ambayo mfanyakazi wa mgodi au wa reli angeweza kuifikia. Karatasi iliyobandikwa ndani ilimwahidi mnunuzi kwamba halitapasuka. Ilikuwa ahadi ya kweli: katika bara lenye jua la nyanda za juu na unyevu wa pwani, ubao mzima ulipasuka, plaiwudi ikavumilia. Gitaa la aina hiyohiyo, Gallotone Champion, ndilo John Lennon alilopiga Liverpool mwaka 1957 akiwa kijana, na mwaka 1999 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni 155,000. Hakuna aliyelinunua kwa sababu ya besi yake.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka kusini na katikati ya Afrika na mashine ya kurekodia, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, Katanga, ambao leo unaitwa Likasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda na Edouard Masengo walifika Nairobi, wakasikika redioni mara kwa mara, hata katika matangazo ya biashara: Mwenda akiitangaza Aspro, Masengo Coca-Cola. Vijana wa Kenya waliwasikia kwenye redio zenye spika ndogo. Fikiria safari ya ile sauti: gitaa lisilo na besi nyingi, maikrofoni moja, sahani ya santuri, kisha spika ya ukubwa wa kiganja. Mlio mrefu wenye mvumo ungefika umevurugika. Noti kavu ya gumba na shahada ilifika nzima, na mtoto aliyekuwa Kisumu au Kakamega aliweza kuichambua njia kwa njia mpaka akaipata vidoleni.

Katika yote haya sijataja mguso, na ni lazima niutaje, kwa kuwa magitaa ya bei ya chini yameumiza mikono mingi. Jambo la kwanza ni urefu wa nyuzi juu ya freti. Gitaa likitoka kiwandani nyuzi zikiwa juu sana, mwanafunzi hubonyeza kwa nguvu, vidole vinachubuka, na noti nazo zinapanda kidogo kuliko inavyotakiwa kwa sababu uzi umevutwa chini kupita kiasi. Wengi wameacha gitaa katika wiki ya kwanza wakidhani hawana kipaji, kumbe mfupa wa daraja ulihitaji kusuguliwa milimita moja. Wazee walikuwa na dawa yao: penseli iliyofungwa kwa mpira kwenye shingo kuwa kapo. Iliwapa ufunguo uliofaa sauti zao, na pia iliziteremsha nyuzi karibu na freti, ikapunguza urefu wa uzi unaotikisika, na kuufanya mlio kuwa mkavu zaidi bado.

Urefu huo wa uzi una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye C40 ni milimita 650, kwenye F310 ni 634, na magitaa makubwa ya Martin hukaribia 645. Tofauti ya milimita 11 kati ya hayo mawili ya mwisho inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mkononi, uzi mfupi ulio kwenye noti ileile huwa umelegea zaidi, unapindika kwa urahisi na kuleta sauti yenye joto. Mrefu hukaza, na gumba likiupiga hurudi haraka. Upana wa shingo nao: milimita 52 kwa C40 na 43 kwa F310, pale kwenye mfupa wa juu, karibu na kichwa. Mwenye kupiga kwa vidole vinne hufurahia nafasi ile kubwa. Mzee wetu, ambaye gumba lake la kushoto huzunguka shingo na kubonyeza uzi wa sita kutoka juu, alishindwa kabisa kulifikisha kwenye C40.

Halafu kuna hewa ya hapa. Makao ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, mwendo mfupi kutoka Woodley, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtu mwenye gitaa la mbao nzima angefaidika kuyafuatilia matangazo yake. Januari na Februari hewa hukauka. Uso wa gitaa hunywea, hushuka, nyuzi huanza kugonga freti, na ukipitisha kidole pembeni mwa shingo utahisi ncha za freti zikichoma, maana mbao imesinyaa na chuma hakikusinyaa. Mvua za Machi hadi Mei zikifika, uso huvimba, nyuzi hupanda, na sauti huwa nzito. Gitaa lililokaa Mombasa kwa miaka likiletwa huku kwa treni hutoka kwenye unyevu na kuingia kwenye ukavu kwa siku moja. Mafundi wanapendelea unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kikawekwa ndani ya kisanduku chenye matundu kwenye mkoba wa gitaa, kinatosha kuliokoa gitaa la mbao nzima katika miezi ya ukame. Tena usililinganishe na la plaiwudi mwezi Februari ukatoa hukumu ya kudumu; rudi Mei ulisikie upya. Majaribio yetu yalifanyika Februari, na nina hakika lile kubwa lingekuwa zito zaidi wakati wa masika.

Ningependa gitaa la tano liwepo siku ile, nalo bado halijatengenezwa. Nenda kwenye yadi za mbao na kwa maseremala wa Ngong Road uulize mbao ya kawaida kabisa: utaonyeshwa sipresi. Ni mti wa mashamba ya misitu ya serikali, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na nchini Kenya huezekea nyumba na kuundia vitanda. Ndugu yake wa karibu, sipresi ya Mediterania, ndiyo ambayo mafundi wa Uhispania waliichagua tangu zamani kwa mgongo na ubavu wa magitaa ya flamenko. Waliichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana na nyepesi, na gitaa hilo jepesi, kwa jinsi lilivyoundwa lote na si kwa mbao ya mgongo peke yake, lina mlio unaoruka haraka, mkavu, unaozimika kabla mpigaji hajafika kwenye noti ya pili. Wapiga flamenko hugonga uso wa gitaa kwa kucha na huhitaji kila kishindo kisikike. Mahitaji yao na ya omutibo yanakaribiana sana.

Mbao hizo tunazo, ingawa si kila ubao unafaa. Sipresi yetu hukatwa ikiwa na umri wa miaka 30 hivi, ina mafundo mengi, na huuzwa mbichi. Fundi atahitaji kuchagua sehemu ya chini ya gogo isiyo na fundo, aipasue kwa kufuata kipenyo ili mistari ya umri isimame wima, kisha aianike kivulini kwa muda usiopungua mwaka, mbao zikitenganishwa kwa vijiti hewa ipite. Ubavu utapigwa randa hadi milimita 2 na kupindwa kwa bomba la moto. Uso utahitaji sprusi ya kuagizwa, na hiyo ndiyo gharama kubwa pekee. Mwili uwe mdogo, mdogo kuliko dreadnought kwa kila kipimo, shingo nyembamba ya kutosha gumba kuzunguka, urefu wa uzi milimita 630 hivi, na nyuzi za chuma nyepesi. Seremala anayejua kuunga droo isiyoonyesha kiungo anao mkono wa kazi hiyo tayari. Kinachokosekana ni mnunuzi atakayeingia kwenye yadi yake na kuagiza gitaa la kupigia muziki wa Mukabi, na kulilipia bei ya kazi ya mwezi mzima.